Kabla ya Shija Walikuwepo Wawili

Mpendwa mwanangu Shija,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba jina la mtu linamweleza yeye mwenyewe. Wakisikia Mabula wanamtazama Mabula, wanatafuta kwake kitu cha kuchekea. Kwetu huku jina mara nyingi linaeleza hali aliyoikuta mtoto alipozaliwa: mvua iliyokuwa ikinyesha (ndiyo Mabula), safari aliyokuwa nayo mama, au watoto waliomtangulia. Nimefundisha shule nusu ya maisha yangu, na unajua siwezi kupita jambo bila kulieleza. Nivumilie.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho hapa Tabora, tumekaa sebuleni, mama yako anachagua mchele? Ulitusimulia kwamba kazini kwenu Dar es Salaam mtu akichelewa kuelewa jambo anaambiwa "acha ushija". Na yupo kijana mmoja anayekuuliza kila asubuhi, "Shija, ng'ombe umewafunga wapi leo?" Ulisimulia kama kichekesho. Ndipo ukasema umeshazungumza na wakili, utakula kiapo, na baada ya hapo utaitwa Jeff.

Mama yako hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Mimi sijazaa Jeff," akasema.

"Mama, ni jina tu."

"Basi kama ni jina tu, liache."

Wewe na mimi tulicheka. Yeye aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Siku chache baadaye tulikwenda Ziba, kumwona shangazi yako. Wanawake waliokuwa wakipura mpunga waliacha kazi wakaja mbio kumlaki mama yako. "Mama Kulwa, karibu! Mama Kulwa, umetutupa!" Ukanivuta pembeni. "Baba, Kulwa ni nani?"

Mjini Tabora, tangu uanze kutambaa, mama yako anaitwa Mama Shija. Wewe ulijua, kama kila mtu wa kwetu, kwamba Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha. Lakini ulidhani umerithi jina la babu fulani, kama wengi wanavyorithi. Nilikueleza tukiwa tumesimama kando ya zizi la shangazi yako. Walikuwepo Kulwa na Doto. Walizaliwa palepale Ziba wakati mahindi yanapaliwa, na mavuno hayakuwakuta. Kisha nikahamishiwa shule ya huku mjini, ukazaliwa wewe, na mama yako akaniomba tusilizungumze. Hakuna picha yao. Nguo zao ziligawiwa. Kilichobaki cha kuonyesha kwamba walikuwepo ni wewe, kila unapoitwa na kuitika.

Ulikwenda ukakaa karibu na mama yako, ukamsaidia kumenya viazi, kazi ambayo sijapata kukuona ukiifanya kwa hiari.

Kwenye basi la kurudi nilikupa somo lingine, maana nilikuona umezama katika mawazo. Nilikwambia kuwa zamani wazee wetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani, na kule pwani neno Mnyamwezi likawa la mtu wa kubebeshwa mizigo. Walidharauliwa kwa jina la kabila lao. Leo vijana wa Dar wakimwona mtu aliyevaa vizuri, anayetembea kwa madaha, wanamwita mnyamwezi, na wanamsifu. Mtaa haukumbuki mzaha wake. Ukiubadilishia jina mwaka huu, mwakani utakudai lingine.

"Kwa hiyo mimi ni mnyamwezi mara mbili," ukasema.

"Mara moja inatosha," mama yako akajibu kutoka kiti cha nyuma. Nilidhani amelala.

Ukaondoka bila kutuambia umeamua nini, nasi hatukuuliza. Nitakwambia sasa kilichokuwa kikiniumiza. Tangu siku ile uliyotaja jina la Jeff, muuza duka wetu akimwita "Mama Shija", mama yako alikuwa anakawia kidogo kabla ya kuitika, kama mtu anayehakikisha kwamba bado ni yeye anayeitwa. Kulwa na Doto alishawazika. Niliogopa kumwona akipoteza na jina la tatu.

Ndiyo maana uliponipigia simu jana nilikaa kitako. "Baba, ile habari ya wakili nimeiacha." Ukanieleza kwamba yule kijana alikuuliza tena ng'ombe wako wako wapi, nawe ukamjibu, "Nimewafunga kwenu. Nasubiri wazee wako watoke nje, nimekuja kumposa dada yako." Ofisi nzima ikacheka, na sasa yeye mwenyewe anakuita shemeji. Nilicheka hadi mama yako akauliza kutoka jikoni kuna nini. Nikamwambia ni mambo ya wanaume.

Mwanangu, usiku wa jana nimelala usingizi ambao sijaupata tangu likizo ile. Kifua chepesi, miguu myepesi. Lakini furaha hii niko nayo peke yangu humu ndani, na haikuwa haki yangu kuitangulia midomo yako. Mama yako hajui. Asubuhi hii amekwenda dukani, na ameitika kwa kukawia vilevile.

Leo, ukitoka kazini, mpigie mama yako simu umwambie kwamba bado unaitwa Shija.

Ni mimi,
Baba yenu, wote watatu