Mkate wa Idibek

Dushanbe, 4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na theluji imeanza kuondoka kwenye paa. Mimi mzima, ila kazi imenikaba.

Nina jambo la kijijini. Ofisini sasa nachora piramidi za watu kutokana na sensa. Ni mistari iliyolala, mmoja juu ya mwenzake: watoto wachanga chini kabisa, wazee kileleni, wanaume kushoto, wanawake kulia. Ukiusoma mchoro wa bonde letu, kushoto, kati ya miaka ishirini na arobaini, pameng'atwa. Vijana wako Urusi, kazini. Kila kijiji kimeng'atwa hapo, isipokuwa Sangdara. Sisi eti tuna vijana arobaini na watatu, wote nyumbani! Mkuu wangu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema nirekebishe: aliyeondoka zaidi ya mwaka hahesabiwi.

Mama, jeneza la mzee Nazar lilibebwa na nani? Wazee na wanafunzi. Hao arobaini na watatu walikuwa wapi? Na kaka Idibek ana miaka sita huko. Karani wa sensa ulimwambia nini?

Mwanao,
Shahlo

Sangdara, 15 Machi

Mwanangu Shahlo,

Marahaba. Goti ni lile lile. Mbuzi kazaa pacha, mmoja mkorofi kama wewe. Unakula lakini, au unakunywa chai tu?

Karani nilimwambia Idibek kalala chumba cha pili. Akauliza mbona viatu vyake havipo mlangoni, nikamwambia anywe chai yake. Usinicheke. Siku anaondoka, kaka yako aling'ata mkate mara moja, nami nikautundika ukutani, kama kila mama wa hapa anavyofanya, aje aumalizie. Mkate bado uko ukutani. Sasa nimwambie mgeni mwenye kalamu kwamba mwanangu hayupo? Huko ni kumwapiza. Mama Zarrina naye kasema wanawe wamelala, na wengine wote hivyo hivyo, bila kuambizana.

Chora unavyochora. Ila ukilifuta jina la Idibek, chai yangu usije kunywa. Miaka miwili hajapiga simu, sawa. Simu yake imeharibika.

Mama yako

Dushanbe, 29 Machi

Mama,

Shikamoo. Pacha wanaendeleaje?

Barua hii nimeiandika mara tatu. Simu ya kaka haijaharibika. Alinipigia mwaka jana, kabla ya baridi. Ameoa huko, amechukua uraia, wana mtoto. Harudi, mama. Aliniapisha nisikuambie, nikanyamaza, kwa sababu nilikuona umetulia na huo mkate. Naona aibu.

Tarehe ishirini Aprili nakabidhi kazi. Kanuni inanitaka nimfute, lakini siwezi kumfuta kaka yangu nyuma ya mgongo wako. Nataka uniambie wewe. Hajafa. Amehesabiwa huko, kwenye piramidi yao.

Nisamehe.

Mwanao,
Shahlo

Dushanbe, 10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Dereva Davlat aliyekuletea barua anasema uliipokea, ukasema ahsante, ukarudi kufua sufu. U mzima? Nijibu hata mstari mmoja. Hata matusi.

Shahlo wako

Sangdara, 13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mbuzi wazima. Theluji imekwisha.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nimekufa ganzi tu, kama mkono uliolaliwa. Nimefua, nimefagia, nimekamua. Mama Zarrina alikuja akaongea sana, sikumbuki aliongea nini.

Jana niliushusha mkate. Ulikuwa mgumu kama tofali. Mkate hautupwi, basi nikauloweka kwenye chai ya maziwa na chumvi, nikaanzia pale alipong'ata, nikaula wote. Ladha sikuisikia. Ukutani umebaki msumari, nimetundika kitambaa.

Idibek mfute. Hao arobaini na wawili, kawaulize mama zao wewe mwenyewe, mimi si karani. Nawe sijakukasirikia. Sina hata nguvu ya kukasirika. Njoo ule matunda ya mwanzo ya mforsadi yakiiva.

Ila kuna kitu hukuniandikia, nami nimekingoja siku zote hizi. Huyo mtoto, kwenye piramidi yao, pale chini kabisa, wamemchora kushoto au kulia?

Mama yako