Sifa Alisimama Kwenye K

Mama Sifa,

Nimenawa mikono mara mbili na udongo bado uko kwenye kucha, kwa hiyo ukiona karatasi imechafuka, usiseme kitu. Leo tumepanga matofali kwenye tanuru tangu asubuhi. Mgongo wangu unaujua. Lakini nimekaa nikuandikie, maana kuna jambo limetokea hapa nyumbani na sina mwingine wa kumweleza akalielewa lote.

Ni habari ya mtoto na herufi zake.

Unakumbuka mlivyokuwa. Chaki, nyuma ya mlango, mmekaa chini nyote wawili, na mimi nikiingia unanifukuza: "Ngoja nje, Papa Sifa, tuko masomoni." Nilikuwa nangoja kweli, na nsima inapoa sahanini. Mlifika K. Ulimchorea kuku, yeye akasema ni mbuzi, mkacheka mpaka ukashika tumbo. Halafu homa ikakubana. Gari lilipokuja kukupeleka hospitali Lilongwe, alikuwa ameng'ang'ania kitenge chako, ukamwambia: "Nikirudi tutaendelea."

Alikuwepo tulipokuzika. Alirusha udongo kwa mkono wake. Hakuna aliyemficha kitu. Lakini neno lako alilishika vilevile.

Nilipojaribu kuendelea naye, alisema vizuri kabisa: a, be, se, de, mpaka ka. Nikiandika L, ananyamaza. Nikimbembeleza, anasema, "Mama njo anajua inayofuata." Nikamwambia hata mimi nilisoma, kule kwetu Fizi, Kongo, nilifika darasa la sita, L naijua. Akaniangalia kama ananihurumia.

"We unajua matofali, Papa."

Basi ikawa kila jioni ni hivyohivyo. Anaanza A, anafika K, anasimama. Siku nyingine usingizi ulinichukua nikiwa bado na chaki mkononi. Kuna asubuhi niliamka nimechelewa, nikakimbilia kazini, wenzangu wakaanza kucheka. Kumbe nilipokuwa nimelala alichukua mkaa akaniandika mkononi, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kiganjani, A mpaka K. Msimamizi wetu, yule Mmalawi wa maneno mengi, akauliza zilizobaki ziko mguu gani. Nilicheka nao. Lakini mchana, jasho lilipokuwa linazifuta, niliogopa. Nilijiuliza mtoto huyu atakungoja mpaka lini.

Mdogo wako alisikia. Unajua alivyo tangu aolewe na kuhamia Area 25 huko Lilongwe, kila kitu anakijua yeye. Akasema, "Shemeji, unachosha mtoto, na we mwenyewe umechoka. Mulete kwangu, atasoma na batoto bangu." Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimpeleka. Nilipomwacha kwenye duka lao la kaunjika, katikati ya mitumba, alikuwa anajaribu viatu vya watu wazima, hata hakugeuka. Nilirudi kambini Dzaleka nikasema sasa nitapumzika. Sikupumzika. Nyumba ilikuwa kimya, nikawa napika chakula cha watu wawili na kukibakiza.

Siku moja mdogo wako akapiga simu akifurahi. Sifa anaimba alfabeti yote kwa Kiingereza na wenzake, ei, bi, si, mpaka mwisho, na makofi juu. Nikasema Mungu asifiwe. Halafu sauti yake ikashuka.

"Lakini nikimwandikia ile L anafunga kinywa. Na shemeji, anauliza kama hospitali iko mbali na hapa."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda kumchukua siku ileile.

Jumamosi tulikuja kwako. Mvua ilikuwa imeotesha majani mpaka yamefunika msalaba. Sikuja kufundisha mtu, nilikuja kulima tu. Nang'oa, yeye amesimama nyuma yangu na sandali zake mkononi. Majani yalipoondoka, jina lako likaonekana, lile alilolipaka rangi mzee wa kanisa. Sifa akachuchumaa.

"E," akasema.

Akaweka kidole kwenye inayofuata. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Papa, hii ni gani?"

Niliacha jembe. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo ile mliyosema mtaisoma na Mama."

"Mama si iko hapa?"

"Iko hapa."

"Basi sema. Anasikia."

Nikasema ele. Akaisema na yeye, akaipitia kwa kidole toka juu mpaka chini, kikakata kona. I alikuwa anaijua. N nikamwambia. A akaisema kwa nguvu kama mtu aliyefika kwao. Halafu akarudi mwanzo akaunganisha taratibu: E-li-na.

"Njo jina yake?"

"Njo jina yake."

Nyumbani yeye alikuita Mama, na mimi Mama Sifa. Alilisoma tena, kisha akaanza kulia. Mama Sifa, alilia kile kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia, akapiga ardhi kwa sandali, akakuita. Sikumwambia anyamaze. Nilimshika tu, na mimi nikalia mgongoni mwake.

Tulikaa mpaka jua likawa kali. Njiani nilimbeba, nikidhani amelala. Mara akasema sikioni mwangu, "Tumeruka M. Batoto ba Mama mdogo banaimbaka M iko katikati." Nikamwambia nimechoka, tutaisoma kesho. Akasema, "Leo." Tukaisoma M pale barabarani, kwa kijiti, watu wa kabaza wanatuzunguka na baiskeli zao za abiria.

Sasa tumefika S, ya jina lake. Anaigeuza, inaangalia nyuma, na akimaliza anaisifia mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Nguo zake zimekuwa fupi na sijui kushona. Nywele zake anamsuka jirani, mimi nikijaribu analia. Kuna siku anakaa mlangoni na hataki kula, na mimi nakaa tu pembeni yake. Nimechoka, mama. Nimechoka hata pale ninapofurahi.

Lakini hili nakuahidi. Herufi zikiisha tutaanza maneno, na nitakwenda naye kwa mwendo wake. Siku akitaka kusimama mahali, nitasimama naye. Na majani hayatafunika tena jina lako.

Pumzika, Elina. Mtoto ananiita ndani, anasema T imemkatalia.

Mume wako,
Papa Sifa