Maboga Yanayolishwa Pumzi

Jumatatu, tarehe 8
Baridi ya kukata masikio! Nimeziba kila tundu la banda kitalu, hili la nailoni. Boila la kuni linaunguruma nje, mabomba ya maji ya moto yanapita katikati ya maboga. Ndani jasho tupu, Mungu ashukuriwe. Ila maua ni madume tu. Ua jike moja lilichungulia, likadondoka.
Banda ni la shemeji, mdogo wa mume wangu. Kaniachia msimu huu mmoja. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja — asipokuta boga hata moja, anang'oa yote, anapanda nyanya zake. Kasema huku anacheka. Namjua, hachekagi bure.

Jumatano, tarehe 10
Bwana shamba kaniazima kipima hewa. Mchana ndani kimesoma mia mbili, nje mia nne. Akaniuliza, mama, maboga yako unayanyima chakula kwa nini? Niliruka! Kumbe yanakula hewa ya ukaa, ile tunayoitoa sisi tukipumua. Nimefunga kote, yameimaliza, yamebaki kuota moto na njaa.
Baba watoto anasema, basi kaa humo uyapumulie. Nikakaa, nikasali sala zangu zote. Kipima hakikunijali. Kifua kimoja hiki!

Alhamisi, tarehe 11
Nimefungua dirisha la juu. Hewa imepanda, joto limetoroka, kuni zinateketea. Mshika mbili mimi.

Jumamosi, tarehe 13
Paa la ukumbi wa kanisa linavuja. Nikawaambia wanakwaya, njooni kwangu kuna joto. Wakaja wote! Sauti ya pili wamekalia ndoo, na yule mnene wetu wa besi, Ngurumo, kati ya mistari ya maboga — nimemwonya asikanyage kitu. Madirisha yamefungwa, nyimbo chache tu, kipima kimepita mia nane! Nikapiga kigelegele katikati ya ubeti. Mwalimu wa kwaya akanikata jicho. Nilipomwonyesha akasema, yaani dada, sisi ni mbolea? Ngurumo akadakia: wewe kijiko, mimi gunia zima.

Alhamisi, tarehe 18
Wanakuja kila asubuhi kabla ya kazi. Majani mapana kama sinia. Ua jike moja lina kiboga nyuma yake, kama kidole gumba. Sijamwambia mtu. Mungu tu.

Jumamosi, tarehe 20
Naandika juu ya ndoo, kwaya inaimba. Ua jike limefunguka! Nimelipaka chavua kwa ua dume walipokuwa wakipasha sauti.
Shemeji kagonga. Nikamwambia, ingia upesi ufunge, unatutolea hewa! Kaingia na jembe, kaduwaa. Ngurumo kamsogezea nafasi, kamwambia, wewe si besi wewe? Njoo acha maringo. Kavuta pumzi. Lo, sauti! Nailoni inatetemeka. Kipima kinapanda, naye hajui anamlisha nani.
Jembe kaliegemeza karibu kabisa na ua. Ua lenyewe bado hajalitazama. Ubeti wa tatu huu, wimbo una beti saba. Mwalimu, usiharakishe —