Kaka Ezekiel na Njia za Kando ya Maji

Ipogolo,
Iringa.
19 Mei 2024

Mpendwa Dada Yunisi,

Mwangaluka, dada. Wewe na shemeji mmeamkaje? Natumaini kikohozi cha Goodness kimekwisha na amesharudi shule. Hapa Iringa baridi imewahi mwaka huu, asubuhi ukungu unagusa dirisha, lakini sisi tu wazima na kazi zinaenda.

Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Mimi nikianza, wewe unaingia. Wewe ukianza, mimi nakata. Barua utaisoma mpaka mwisho. Kama ni kukasirika, ukasirike ukiwa umejua yote.

Picha uliyotumiwa, ile ya kaka Ezekiel ana bandeji juu ya jicho, ni ya kweli. Alianguka. Lakini picha haikukuonyesha kilichotangulia, wala kilichofuata.

Dada, hukumwona alivyofika kwangu mwaka jana, baada ya presha ya macho kummalizia uwezo wa kuona. Yule mtu aliyekuwa anaendesha mashine ya kuvuna mpunga, aliyekuwa haishi utani, alikaa kwenye kochi langu kuanzia asubuhi mpaka giza. Akiniuliza ni saa ngapi, nikamjibu, baada ya muda mfupi anauliza tena. Chakula alikuwa anakigusa tu. Niliogopa kwenda kazini nikamwacha peke yake, na unajua nilichokuwa naogopa.

Aliyemtoa nje ni Andendekisye, mwalimu wa shule ya jirani, Mnyakyusa mmoja mrefu anayekimbia kila siku. Alikuja kuazima ngazi, wakaanza kubishana habari za mpira, ngazi ikasahaulika. Kesho yake akarudi na kamba ya kiatu. Ncha moja akaifunga kwenye mkono wake, ya pili kwenye mkono wa kaka. Nilikataa kama unavyokataa wewe. Kaka hakubishana na mimi, alikuwa ameshavaa raba.

Njia yenyewe ungeipenda. Ukishuka pembeni ya daraja unaufuata mto Ruaha Mdogo kuelekea juu. Unaanza na bustani za mchicha, zinanuka udongo uliomwagiwa maji. Halafu mikaratusi, na chini yake majani makavu, mguu unakanyaga laini. Halafu unasikia mto unagonga mawe, na kinamama wanaofua wanasalimia. Kaka aliijua njia yote hiyo kwa pua na nyayo. Siku Andendekisye akiwa na zamu shuleni, nilishika kamba mimi. Nilijifunza kukimbia huku nasema: mzizi, dimbwi, inama. Pumzi zilinikata mimi, yeye anacheka. Dada, alikuwa anacheka! Na jioni anakula mpaka anaomba ukoko.

Siku aliyoanguka nilikuwa naye. Tulipopita darajani mwanamke mmoja akapiga kelele, "We mama, utamuua huyo mgonjwa!" Watu wakageuka. Kaka akaongeza mwendo. Tulipofika kwenye majani makavu akaivuta kamba ikatoka mkononi mwake, akaondoka mbio peke yake. Niliita, hakusimama. Wafyatua tofali walikuwa wamechimba shimo jipya kando ya njia, akatumbukia humo. Nilimkuta amekaa kwenye tope, damu inamtiririka usoni, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Nilifika mbali kiasi gani?"

Ndipo wewe ukapiga simu, ukasema aje Mwanza, akae kwako, asiguse tena viatu vya kukimbia. Mama akakuunga mkono. Kaka mwenyewe akasema sawa. Hiyo sawa yake ndiyo iliyonitisha, maana alirudi kwenye kochi siku hiyohiyo na kuanza kuuliza saa.

Nilimfungia begi lake. Alichoomba ni kitu kimoja tu, apitie kwanza nyumbani Igawa akawaage wazazi. Asubuhi ya pili pale nyumbani akaniambia, "Mbuke, nipeleke kwenye tuta la mfereji mkuu."

Unalijua tuta lile lilivyo. Ni pana, limenyooka, halina mti wala jiwe. Upande mmoja maji, upande wa pili mpunga. Yeye amelipita miaka na mashine yake. Akasimama, akageuza sikio mpaka maji yakawa kushoto kwake. Nikatoa kamba. Akasema, "Hapana. Leo wewe kaa nyuma."

Akaanza polepole kama mtu anayepapasa. Halafu akanyoosha mgongo, miguu ikafunguka, na kaka yetu akakimbia kama tulivyokuwa tunamwona zamani akiwahi ng'ombe wasiingie kwenye shamba la watu. Nilimfuata nikashindwa kumfikia.

Mama alikuwa ameambiwa tumekwenda wapi. Nikamsikia nyuma yangu, anahema, kitenge kinamvuka: "Mbuke! Mkamate! Mkamate mwenzio!"

Mbele yetu kundi la ng'ombe likapanda tutani kutoka kunywa maji, likajaza njia yote. Nilifungua mdomo nipige kelele, nikaufunga. Nilijiambia, nikimwita sasa atasimama, na akisimama leo hatakimbia tena. Sikumwita, dada. Hukumu unayotaka kunipa, nipe kwa hilo, sitabisha.

Alipunguza mwendo mwenyewe. Aliwasikia, au aliwanusa, sijui. Akapiga ule mluzi wa baba wa kuswagia ng'ombe, akanyoosha mikono yote miwili, akapita katikati yao akiwapapasa migongo mmoja mmoja, na wao wakampisha. Alipotokea upande wa pili akasikiliza maji, akaendelea mbio mpaka kwenye lango la kugawa maji, kule kelele zinapokuwa kubwa. Tulimkuta ameshika chuma cha lango, jasho linamchuruzika. Akasema, "Mwambieni Yunisi nitakuja kumsalimia. Kukaa, siji."

Mama alikaa chini kwenye nyasi akajifunga upya kitenge chake, tukarudi nyumbani taratibu, watatu.

Tangu hapo tumeshafika Mbeya. Kuna mashindano mwezi wa nane na wasioona wana nafasi yao, tumeandikisha jina lake na la Andendekisye atakayemwongoza. Tukapita soko la Mwanjelwa kutafuta raba za mtumba. Kaka alibonyeza soli kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, mpaka muuzaji akakata tamaa na kwenda kunywa chai akatuachia meza. Tulipata nzuri. Wafyatua tofali nao nimewafuata, wameweka miti kuzunguka shimo lao, na kila tukipita wanapiga kelele za kutushangilia.

Kwa hiyo, dada, najua unampenda, na najua wewe ndiye uliyetulea mama alipokuwa shambani. Lakini hatakaa Mwanza. Ataanguka tena, nami nitamfunga bandeji tena. Ukitaka kunisaidia, omba ruhusa kazini ukasimame naye Mbeya siku hiyo, akusikie unaita jina lake.

Nisalimie shemeji, mwambie simu zake nazipata. Wasalimie Goodness na mdogo wake Zabron. Baba anakusalimia sana, anasema mvua ilitosha na mpunga umeinamisha vichwa. Andendekisye naye, ingawa hamfahamiani, anakupa pole ya hofu.

Na mama. Siku ya kuondoka Igawa nilitaka kulala kidogo, nimechoka. Nikasikia mlango wa chumba cha kaka unagongwa, na sauti ya mama: "Ezekiel! Jua linatoka, unalala mpaka saa ngapi? Maji ya kunywa nimekuwekea kwenye chupa." Nilipotoka nikawakuta wameshashika njia ya mfereji, yeye na kaka, na kamba ameishika mama.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akulainishe na moyo.

Wako akupendaye, hata unaponikasirikia,
Mdogo wako,
Mbuke Magesa