Vitanda Vimekataa Mlango

Jumanne

Na hata chai imenishinda kunywa, vile nimekasirika.

Tangu nitoke Mombasa kwa kongamano la maafisa wa ununuzi, hapa hospitalini wananiita mtalii. Bosi aliniuliza kama niliogelea. Hakuuliza nilichojifunza.

Na nilijifunza! Wakati wa mapumziko mama mmoja wa kaunti nyingine alinieleza walivyonunua vitanda vizuri vikakataa kuingia wodini, kwa sababu hakuna aliyepima mlango. Niliporudi tu nikapima mlango wa wodi yetu ya kujifungulia. Vitanda tulivyoagiza haviwezi kupita. Nikamwomba bosi amsimamishe saplaya kabla hajapakia.

"Hizo ni mambo za Mombasa," akasema. "Hapa ni Bomet."

Leo lori imefika. Vitanda ni vya chuma, havifunguki vipande vipande, na sasa viko nje vinanyeshewa. Ndani akina mama wanalala wawili wawili.

Bosi akaviangalia, kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Si wewe ulienda kongamano? Walikufundisha nini huko?"

Kupima mlango, bosi. Lakini hilo naliandika hapa tu, maana kandarasi yangu inangoja sahihi yake.