Programu Yangu Imemwita Marehemu Kazini

Rungwe, 14 Julai 2025. Ni mwezi wa tisa tangu nitoke Makete.

Ndugu mshauri, mimi ni mchuma chai, shule niliishia kidato cha pili, lakini jioni najifunza kuandika programu kwa simu, na msimamizi wetu Fred alipoona naelewa kidogo akanipa kazi ya kuwatumia wachumaji ujumbe wa shamba la kesho, basi nikapanga majina yao katika safu moja kwa kufuata mistari wanayochuma, nikaandika kitanzi, yaani amri inayojirudia, kinachopita jina baada ya jina na kumfuta kila asiyekuwepo tena kazini. Esnath aliacha kazi akaolewa kijiji cha Masoko, na jirani yake mstarini, Felista, tulimzika Kinyala mwezi uliopita. Programu ikamfuta Esnath, ikamwacha Felista, nami nikatuma bila kuangalia: “Felista, kesho uwahi shambani.” Simu ya marehemu anayo mumewe, Hezron, ambaye tangu nifike hapa ninakula naye sahani moja. Akaja mlangoni. “Bwana mdogo, mke wangu awahi wapi?” Nikasema ni mashine. “Mashine ndiyo iliyobeba jeneza na mimi?” Tangu hapo hanisalimii, na Fred anacheka, “Fundi, hata marehemu humpi likizo?” Nifanyeje? Natarajia kurudi nyumbani Krismasi, na sitaki kuondoka hivi.

Rubeni

JIBU

Pole Rubeni, lakini usiisingizie mashine. Ulikuwa unafuta majina huku unayapitia. Esnath alipotoka, waliobaki walisogea, Felista akaingia nafasi yake, na kitanzi chako kilikuwa kimeshapiga hatua mbele. Hakikumwona kabisa. Wasingekuwa jirani, wote wawili wangefutika, nawe ungejiona fundi.

Acha kufuta. Anza na safu mpya, tupu. Pitia ile ya zamani bila kuigusa, na kila jina ambalo mwenyewe bado yuko kazini liingize kwenye mpya, mengine yapite. Ujumbe utumwe kwa safu mpya tu. Ijaribu kwanza kwa kuweka walioondoka wawili bega kwa bega, hata watatu, kisha usome majina yaliyobaki kwa macho yako mwenyewe.

Lakini hiyo ni kazi ya pili. Ya kwanza ni Hezron. Nenda leo, simu iache chumbani, na vitanzi usimweleze. Mwambie, “Kaka, niliyetuma ni mimi, sikuangalia, nisamehe.” Fred naye mwambie mzaha huo aukomeshe. Hezron akikufukuza, rudi kesho. Akikuachia mlango wazi, ingia ukae.