Kesho Maombi ni Kwangu

Jumatano, Kiamunyi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, barabara yetu ni matope matupu, na mimi nina furaha mbaya.

Mama Ciku alikuja mchana, viatu mkononi. Ndiye kiongozi wa maombi ya akina mama, yale ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Mwaka jana daktari aliponiambia ujauzito wangu utaniua usipotolewa, nilikubali, na nilimwambia yeye peke yake. Alhamisi iliyofuata akafumba macho mbele ya wote: "Tumuombee Mama Brian, ametoa mimba, Mungu amsamehe."

Umbea ukianza na "tuombe" hakuna wa kuukemea.

Yule mtoto bado namlilia. Lakini uamuzi ulikuwa wangu, na siri ilikuwa yangu. Wamenipita kwenye zamu tangu wakati huo. Kesho, hatimaye, wanakuja kwangu.

Leo Mama Ciku alikalia ncha ya kiti akaanza kunong'ona. "Mama Brian, si unionyeshe hiyo hospitali ulienda? Ni Ciku. Lakini hii ibaki hapa tu, sisi wawili."

Nikamuuliza Ciku mwenyewe anasemaje.

"Ciku ni mtoto, atasema nini?"

Mtoto! Ciku yuko chuo, ana kitambulisho, na anapiga kura. Nikamwambia simwonyeshi kitu mpaka Ciku aje mwenyewe aniambie anataka nini, kuzaa au kutozaa. Akaondoka amenuna.

Basi nikabaki namenya waru, viazi vya wageni wa kesho, huku nikifanya mazoezi kwa sauti. Kwa desturi yetu mwenye nyumba ndiye hutaja ombi la kwanza. "Wapendwa, tumuombee..." Ilikuwa tamu, jamani. Nilirudia mpaka waru zikaisha.

Shida ni kwamba kila nikifika kwenye jina, linalotoka ni la Ciku. Na Ciku hajanikosea lolote. Hakuna njia ya kumfikia mama yake bila kumkanyaga yeye.

Kwa hivyo nimeamua. Kesho Mama Ciku atakaa mbele yangu, nimjazie kikombe mpaka juu. Nitasimama, nifumbe macho, niseme "tumuombee dada yetu," halafu ninyamaze. Ninyamaze mpaka nisikie kikombe chake kikigonga kisahani.

Kisha nitaombea barabara yetu iwekewe changarawe ya murram.

Sijamsamehe. Nataka tu ajue ilivyo kukaa ukingoja mdomo wa mtu mwingine.